Ipi ni Bongo Flava, Ipi Siyo? Ubishi wa Kwenye Boksi la Kaseti

Najua nimekuwa kimya, mtaniwia radhi. Nilipata likizo ya wiki mbili pale chumba cha habari nikaona kuliko kubaki Dar kupigana vikumbo kwenye daladala, bora nipande basi nikawasalimie wazee nyumbani Katindiuka, pale pale Ifakara mjini. Nimekuta mpunga unaingia ndani, kila nyumba magunia mpaka sebuleni.

Siku ya tatu mama akanituma kwa mjomba, nikamsaidie kupanga magunia stoo. Nyuma kabisa, chini ya turubai, nikakuta boksi la sabuni. Kufungua... kaseti! Nilizihesabu, zilikuwa 37. Nyingine zina makava yake, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya wino ulioanza kufifia. Mimi nimezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, hizi kaseti zilipokuwa zinatamba nilikuwa bado natambaa. Nyimbo nyingi nimezijua kwa kuzisaka kwenye simu. Kushika vitu vyenyewe mkononi ilikuwa habari nyingine kabisa.

Basi nikatandika mkeka uani, nikaanza kuzipanga mafungu mawili. Huku hip hop: Mr. II, Professor Jay, Afande Sele, Wagosi wa Kaya. Kule Bongo Flava: Lady Jaydee, TID, Dully Sykes, Ray C, Mr. Nice. Najiona mtaalamu, maana miezi michache nyuma nilikuwa nimeandika makala gazetini nikitoa hukumu kwamba wachanaji wa kweli hawakuwahi kuwa Bongo Flava. Mjomba akatoka ndani, akasimama akaangalia yale mafungu, kisha akainama na kuyachanganya yote kwa mikono miwili.

"Nani kakufundisha kuzitenganisha?" akaniuliza. "Sisi tulizinunua duka moja, tukaziweka boksi moja."

Jibu sikuwa nalo. Ndugu msomaji, makala hii ndiyo jibu langu, na kwa sehemu ni kujisahihisha.

Jina lilikotoka

Tuanze na jina, maana ubishi wote unaanzia hapo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Huko ulisikia dansi, taarab, kwaya na ngoma. Vijana waliokuwa wanaiga rap ya Marekani walikuwa wanafanya mambo yao kwenye shule, kwenye kumbi za disko na kwenye mashindano kama Yo! Rap Bonanza. Saleh Jabir alikuwa ameshathibitisha mapema kwamba Kiswahili kinaweza kukaa juu ya mdundo wa Kimarekani, pale alipoichukua "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice na kuichana kwa Kiswahili. Kundi la Kwanza Unit nalo likaja, lakini sehemu kubwa ya mistari yao ya mwanzo ilikuwa ya Kiingereza.

Mwaka 1993 ikapitishwa sheria iliyofungua milango kwa redio za binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kurusha matangazo. Ghafla kukawa na saa nyingi hewani na vijana wenye kiu ya muziki. Mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One ndiye anayetajwa kulitumia kwanza jina la "Bongo Flava", mwaka 1996. Sababu yake ilikuwa nyepesi: alikuwa anapiga R&B na rap za Marekani, na katikati anachomeka za nyumbani, sasa msikilizaji alihitaji kujua kwamba hii ya sasa ina ladha ya Bongo. Bongo ndiyo Dar, na baadaye Tanzania nzima, mahali ambapo usipotumia ubongo utalala njaa.

Hapo zingatia jambo moja. Jina lilipozaliwa halikuwa jina la mdundo. Lilikuwa jina la mahali. Liliwafunika wachanaji na waimbaji wote pamoja, ili mradi ni vijana wa hapa na wanatumia midundo mipya badala ya bendi. Ukisema leo kwamba mchanaji wa mwaka 1998 hakuwa Bongo Flava, unampa ugomvi ambao wakati ule haukuwepo.

Wenzetu nao wanabishana

Msidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Chuoni nilikaa bweni moja na jamaa mmoja aliyekuwa anapenda magitaa ya makelele, muziki unaoitwa black metal. Siku ya kwanza niliposikia nilidhani spika imepasuka! Lakini jamaa alinieleza kisa chake nikakielewa. Jina hilo limetokana na albamu ya kundi la Venom la Uingereza, iliyotoka mwaka 1982 na kuitwa hivyo hivyo, Black Metal. Cha kushangaza, mashabiki wengi wanakwambia albamu iliyotoa jina haimo kabisa kwenye muziki wenyewe! Kwao, black metal halisi ni ile ya vijana wa Norway wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Darkthrone na A Blaze in the Northern Sky ya mwaka 1992, au Mayhem na De Mysteriis Dom Sathanas ya mwaka 1994. Jina lilitangulia, muziki ukafuata nyuma miaka kumi baadaye.

Huku kwetu imetokea vivyo hivyo, ila kwa kugeuza. Jina lilitangulia mwaka 1996, muziki ukakomaa kama miaka minne mitano baadaye, kisha baadhi ya waliolijenga jina wakalikimbia. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 nyimbo za mapenzi za kuimbwa ndizo zilizokuwa zinabebwa zaidi, na wachanaji wengi wakaanza kusema mimi ni hip hop, msiniite Bongo Flava. Nawaelewa. Neno lilikuwa limeanza kunukia biashara. Lakini kuchukia neno lilivyogeuka hakufuti kwamba ulilizaa.

Mdundo wa kuazima, maneno ya kwetu

Sasa kama siyo mdundo unaoitambulisha, ni nini? Nilimuuliza mjomba, tukiwa tumekaa kwenye mkeka, redio kaseti yake ya zamani imefufuliwa kwa betri mpya. Akacheka, akasema zamani betri zilikuwa zinaanikwa juani zipate nguvu kidogo, na kaseti ilirudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri isiliwe bure. "Kwa hiyo," akasema, "wimbo tuliourudisha kwa kalamu ndio ulikuwa wimbo."

Nimelifikiria neno lile kwa siku kadhaa. Hakuna anayezungusha kalamu mara hamsini kwa ajili ya mdundo peke yake. Walikuwa wanarudisha maneno, wayakariri, wakayaseme kijiweni kesho yake.

Nami nikaona si jambo geni hapa mkoani. Morogoro hii ndiyo iliyokuwa makao ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, bendi iliyotangaza Kuba hata kwenye jina lake, kwa sababu santuri za Kuba ndizo zilizokuwa zinapagawisha watu. Baada ya kifo chake mwaka 1965 akatamba Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, mpaka ajali ya gari ilipomchukua kule Mombasa Januari 1979. Magitaa yalikuwa ya umeme, mitindo mingi ilikuwa na damu ya Kongo na Kuba, lakini hadithi zilikuwa za hapa hapa: shida, ndoa, mji, pesa. Mdundo wa kuazima, maneno ya kwetu. Bongo Flava ilifanya lile lile, ila badala ya Kuba ikaazima Marekani, na badala ya bendi ya watu kumi ikatumia kompyuta na mtayarishaji mmoja. Ndiyo maana majina kama Master J, P-Funk Majani wa Bongo Records na Mika Mwamba, yule Mfini, huwezi kuyaruka ukiisimulia historia hii.

Kwa hiyo vigezo vyangu ni vitatu. Kwanza, iwe imetengenezwa na vijana wa hapa juu ya mdundo wa studio. Pili, iwe kwa Kiswahili kinachosemwa mtaani mwaka huo huo, siyo cha kwenye kamusi wala cha kuiga Marekani. Tatu, na hiki ndicho kizito, imwambie jambo mtu ambaye hana ila redio na masikio. Kijana wa Katindiuka mwaka 2002 hakuona video wala magazeti ya udaku kila siku. Kama maneno hayakumfikia, hakuna kilichomfikia.

Albamu zenyewe

Tukizipitisha kwenye vigezo hivyo, nianze na Ndani ya Bongo ya Mr. II, ya mwaka 1996. Joseph Mbilinyi, ambaye leo wengi wanamfahamu kwa jina la Sugu, ndiye aliyewaonyesha wenzake kwamba mtu anaweza kutoa albamu nzima ya kuchana kwa Kiswahili na ikanunuliwa. Niite Mr. II ya mwaka 1998 ikaongeza "Hali Halisi", wimbo wa siasa ambao watu wazima walianza kuusikiliza. Huyu ndiye baadaye alikuwa Mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Imo, bila ubishi.

Ya pili ni Funga Kazi ya Hard Blasters, mwaka 2000, yenye "Chemsha Bongo". Humo ndimo alimokomaa yule aliyekuwa anaitwa Nigga J, kabla hajageuka Professor Jay. Na mwaka uliofuata akatoa Machozi, Jasho na Damu. Hii nikiambiwa nichague moja tu, nachukua hii. "Ndiyo Mzee" inamwigiza mwanasiasa anayeahidi mambo yasiyowezekana na wananchi wanaitikia tu. Huhitaji kuwa shabiki wa rap kuielewa, bibi yangu anaielewa! Mjomba anasema hapa Ifakara ilikuwa inachezwa hadi kwenye harusi, na wazee wanaitikia. Mwaka 2015 Professor Jay mwenyewe akachaguliwa Mbunge wa Mikumi, pale tunapokata kona kuja huku kwetu, akakaa mpaka 2020. Sasa wewe fikiria, mtu aliyeimba vile halafu anasimama jukwaani kuahidi!

Gangwe Mobb na Simulizi la Ufasaha ya 2001 imo, kwa sababu Inspekta Haroun na Luteni Kalama walileta Kiswahili cha Temeke kikavu kama kilivyo. Juma Nature imo kwa Nini Chanzo ya 2001 na Ugali ya 2003. Wagosi wa Kaya, Ukweli Mtupu ya 2002, imo na ina alama za ziada, maana John na Mkoloni walichana kwa lafudhi ya Tanga bila aibu, wakaonyesha kwamba Bongo Flava siyo lazima isikike kama Dar. Afande Sele wa Morogoro yetu imo kwa Mkuki Moyoni ya 2002 na Darubini Kali ya 2004, mwaka ambao pia alitwaa taji la Mfalme wa Rhymes.

Na upande wa waimbaji? Nilikuwa nimekosea sana gazetini. Machozi ya Lady Jaydee imo kabisa. Alikuwa msichana anayeimba R&B kwa Kiswahili cha mtu anayezungumza na rafiki yake, wakati wengi waliamini R&B haiwezekani bila Kiingereza. "Starehe" ya Ferooz aliyoshirikiana na Professor Jay ni wimbo wa mtu anayekufa kwa UKIMWI akisimulia maisha yake, na kiitikio chake ni cha kuimbwa. Sasa huo utauweka fungu lipi? Ndiyo maana mjomba alichanganya mafungu.

Mr. Nice alinisumbua. Mwenyewe alitangaza kwamba muziki wake unaitwa TAKEU, yaani Tanzania, Kenya na Uganda. Tukimsikiliza yeye, hayumo. Lakini midundo ni ya studio, maneno ni ya mtaani kwetu, na watoto wa Katindiuka walimwimba hadi wakachapwa kwa kelele. Msanii ana haki ya kujiita atakavyo, lakini historia inaangalia kaseti ilikokaa. Ilikaa kwenye boksi lile lile.

Kuna ambazo ni ndugu wa karibu lakini siziweki ndani. Kwanzanians ya Kwanza Unit ya 1999 naiheshimu kama baba wa mambo haya, ila Kwanza Unit walikuwa wanajenga taifa lao la hip hop, na kuwaingiza kwenye jina wasilolitaka ni kuwakosea. Na ile kandambili ya mwaka 2004? Namaanisha albamu mbili zilizotolewa na kampuni ya Out Here ya Ujerumani mwaka huo: Maasai Hip Hop ya X Plastaz wa Arusha, na mkusanyiko ulioitwa Bongo Flava: Swahili Rap from Tanzania. Angalia jina la huo mkusanyiko. Wazungu walipoutafuta muziki wetu, waliandika Bongo Flava na rap kwenye kava moja. Hata wao hawakuona mafungu mawili!

Na za leo je? Diamond alipotoa "Number One" mwaka 2013 na kisha kuirudia na Davido wa Nigeria, milango ya nje ilifunguka, na tangu hapo tumeazima Nigeria, tukaazima na Afrika Kusini. Kuazima si kosa, nimeshasema. Swali ni lile lile la kalamu: ukiondoa mdundo, kuna maneno utakayoyarudisha mara hamsini? Yakiwepo, imo. Yasipokuwepo ni muziki mzuri wa kuchezea, basi.

Kaseti ya 37

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kwenye boksi kulikuwa na kaseti moja haina kava, imeandikwa tarehe tu: Juni 2003. Nikaiweka. Kwanza mikwaruzo, jogoo anawika, halafu mdundo unaotoka mbali kama uko chumba cha pili, na juu yake sauti ya kijana anachana. Nikamwangalia mjomba. Akaangalia pembeni.

Ilikuwa yeye na wenzake wawili. Walichukua redio kaseti mbili, moja inapiga mdundo, nyingine inarekodi kwa kimaiki chake cha ndani. Wimbo unamhusu mtoto aliyeachwa mjini Ifakara ili asome, huku wazazi wamehamia shamba miezi kadhaa kulinda mpunga dhidi ya ndege, wakilala kwenye kibanda cha nyasi na mbu. Kila mtu wa bonde hili anaijua hadithi hiyo. Mimi mwenyewe nimekuwa huyo mtoto. Wadau, sijui niseme nini, machozi yalinilengalenga.

Akanieleza kwamba mwaka huo huo alikwenda nayo Dar. Kwenye studio aliyoipata wakamwambia sauti ni ya shamba mno, na wimbo wa ndege na mpunga nani atausikiliza. Akarudi na basi, akaanza kulima.

Nikamwambia, "Mjomba, kwa vigezo vyangu vyote vitatu hii ni Bongo Flava. Naiweka kwenye orodha."

Akakataa. "Mdundo wa studio uko wapi hapo? Na Bongo Flava ni ile iliyokwenda na kurudi. Ilitoka Dar ikaja huku, tukairudisha Dar kwa kuiimba. Yetu ilikwenda haikurudi. Usinipambe, mpwa wangu."

Tumebishana mpaka giza likaingia. Ana hoja, maana jina lilizaliwa redioni na bila redio lisingekuwepo. Kaseti yake haikuwahi kufika kwenye masikio ya mtu mwingine. Lakini mimi nasema redio ilitoa jina tu. Kitu chenyewe kilikuwa kinatengenezwa na watu kama yeye, kwenye vyumba vyenye jogoo nje, Tanga, Mwanza, Mbeya na huku bondeni, na waliofika studio ni wachache tu kati yao. Tukiandika historia kwa walioingia hewani peke yao, tutakuwa tumeandika historia ya redio, siyo ya muziki.

Aliniruhusu nisimulie, ila jina lake nisilitaje. Nimetii. Kaseti nimeihamishia kwenye simu, kwa sababu utepe umeanza kuliwa na unyevu. Zile nyingine 36 zimerudi kwenye boksi, zimechanganyika kama alivyotaka.

Kama nyumbani kwenu kuna boksi la hivyo chini ya kitanda au nyuma ya magunia, tafadhali lifungue kabla mvua hazijaanza. Na ukikuta kaseti isiyo na kava, isikilize mpaka mwisho.